Programu mpya ya picha, mechi ya Ngara na kamera moja tu uwanjani

APRILI 5, 2024, shuti la Stephane Aziz Ki liligonga mtambaa panya kule Pretoria, likadunda chini jirani kabisa na mstari, likarudi uwanjani. Bao halikukubaliwa. Yanga na Mamelodi Sundowns zikamaliza 0-0 kama zilivyomaliza Dar es Salaam, na Yanga ikatolewa kwa penalti 3-2 kwenye robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika.

Usiku ule kila mwenye simu aligeuka mtaalamu wa picha. Video iligandishwa, ikavutwa karibu, ikaongezwa mwanga, ikachorwa mistari. Wa Jangwani aliuona mpira wote ndani, wa Msimbazi akauona umebaki nje. Vijiweni ubishi ule haujaisha hadi leo. Lakini angalau kulikuwa na pembe zaidi ya moja za kubishania. Ukiishuku picha hii, unaitafuta ile.

Sasa lichukue shuti lile lile, ulipeleke kwenye mechi ya ligi ya wilaya Ngara au Biharamulo. Hakuna VAR, hakuna gari la televisheni nje ya uwanja. Nyuma ya goli amesimama mpiga picha mmoja, kama yupo. Picha yake ndiyo pekee. Jioni akiifungua kwenye programu mpya, na programu ikaamua kumsaidia kwa kuusogeza mpira, au kumtengenezea kipa vidole ambavyo havikuonekana, nani atajua?

Swali hilo halikuwepo miaka kumi iliyopita, au lilikuwepo kwa wachache. Photoshop ipo sokoni tangu 1990, na kwa muda mrefu kumfuta mtu kwenye picha bila kuacha alama ilikuwa kazi ya fundi mwenye mkono mzuri na saa za kutosha. Aprili 2023 kampuni ya Adobe iliweka kwenye Lightroom kitufe kinachosafisha picha kwa akili mnemba. Mwezi uliofuata ikatoa toleo la majaribio la Photoshop linaloongeza au kuondoa kitu kwa kuandikiwa maneno tu. Simu nazo hazikulala, maana tangu 2021 Google Pixel ina kifutio cha kuwaondoa watu usiowataka nyuma ya picha. Kazi ya fundi imekuwa kazi ya kidole gumba.

Kwa Mkapa, siku ya Dabi ya Kariakoo, wapiga picha wamejipanga nyuma ya magoli yote mawili. Mmoja akidanganya, wengine wanamuumbua kabla ya saa mbili usiku. Kagera Sugar ilipokuwa Ligi Kuu, kamera za magazeti zilikuwa na sababu ya kupanda hadi Kaitaba, Bukoba. Iliposhuka mwishoni mwa msimu wa 2024/25, sababu hiyo ikapungua. Na hata zama zile, kufika Rulenge au Nyakahura ilikuwa habari nyingine.

HARUSI JUMAMOSI, MPIRA JUMAPILI

Kwanza ieleweke programu hizi zinafikaje uwanjani. Mpiga picha wa wilayani haishi kwa mpira. Anaishi kwa harusi, sendoff, kipaimara, mahafali na pasipoti saizi. Programu anayoilipia au kuipakua ameichagua kwa ajili ya bibi harusi. Inalainisha ngozi, inafuta chunusi, inang'arisha macho na meno, inatia rangi ya dhahabu. Bibi harusi anafurahi, analipa, kesho anamleta mdogo wake. Hakuna ubaya hapo, ni biashara na mteja ndiye aliyetaka.

Tabu inaanza Jumapili saa 10 jioni. Mtu ni yule yule, kamera ni ile ile, na mipangilio ya jana haijaguswa. Anaingiza picha mia kadhaa za mechi, anabonyeza kitufe kimoja, na beki wa kati aliyekula vumbi dakika 90 anatoka amelainika kama bwana harusi. Kovu juu ya nyusi halipo. Jasho halipo. Udongo mwekundu kwenye shavu nao umeondoka, kwa sababu programu imeuhesabu kuwa ni dosari ya ngozi.

Inachekesha kidogo. Mchezaji mwenyewe huenda akaipenda na kuiweka kwenye profaili yake. Lakini picha ile sio ya mechi tena.

JUA LA NGARA HALINA HURUMA

Kuna sababu ya msingi kwa nini mpiga picha wa huko anaihitaji programu nzuri kuliko hata mwenzake wa Dar es Salaam, na sababu yenyewe iko juu angani.

Ngara ipo magharibi kabisa, imepakana na Rwanda na Burundi, lakini saa ya ukutani ni ile ile ya Dar. Jua huko huzama karibu nusu saa baadaye. Kwa hiyo mpira unapoanza saa 10 jioni, jua la Ngara bado liko juu na kali kuliko la Dar muda huo huo. Linampiga mchezaji utosini na mabegani, macho yanabaki kwenye kivuli cha paji la uso. Ukiipanga kamera kwa ajili ya uso, jezi nyeupe inaungua na kuwa karatasi tupu, hata namba haisomeki. Ukiipanga kwa ajili ya jezi, sura inapotea. Na Biharamulo haiko mbali na hali hiyo.

Halafu kuna vumbi. Juni hadi Agosti, wakati wa kiangazi, kila tackling inanyanyua wingu jekundu. Kamera inayotafuta mtu inalinasa vumbi, na rangi ya picha nzima inavutwa kuelekea wekundu. Msimu wa mvua ukiingia, mawingu yanafunika mapema, mpiga picha anapandisha ISO ili apate mwanga, na picha inajaa chenga. Chenga zenyewe sio zile za Clatous Chama. Ni punje punje zinazofanya uso uonekane kama umemwagiwa mchanga.

Hapa programu mpya inafanya kazi ya kweli na lazima isifiwe. Inaweza kumtambua mchezaji, kumtenga na uwanja, kisha kuuinua mwanga wa uso peke yake bila kuiunguza jezi. Zamani ungekaa na kipanya ukizunguka kichwa cha mtu kwa dakika kumi. Inaweza pia kupunguza chenga kwenye picha ambayo mwaka 2015 ingetupwa, ikatoka picha ya kuchapwa nusu ukurasa. Huo sio uongo. Uso ulikuwepo na mwanga ulikuwepo, kamera ndiyo ilishindwa kuuonyesha.

Tatizo ni kwamba kitufe kinachofufua kilichokuwepo na kitufe kinachozua ambacho hakikuwepo vimekaa jirani kwenye programu moja. Vingine vimeunganishwa kabisa.

MAJARIBIO HAYAFANYWI SIKU YA FAINALI

Kocha hambadilishi kipa wa kwanza siku ya fainali eti kwa sababu kaona mwingine ana glovu nzuri. Anampa mechi za kirafiki. Mpiga picha anayejua kazi anaipima programu vivyo hivyo, kwenye nakala za picha za msimu uliopita, za mechi ambazo matokeo anayajua na wachezaji anawafahamu kwa sura.

Picha za kujaribia zisiwe zile nzuri. Picha nzuri haipimi kitu, kila programu inaipendezesha. Zinatakiwa zile zilizomshinda: kona yenye watu kumi na wawili, kipa wa mbali upande wa pili, mpira wa kichwa dhidi ya jua, bao la dakika ya mwisho mvua ikinyesha. Kila picha inapita njia mbili, ya zamani na mpya, kisha zinawekwa pamoja na kuvutwa hadi ukubwa wake kamili. Pale ndipo utakapojua una programu ya aina gani.

Cha kuangalia kwanza ni namba ya mgongoni. Programu inayosafisha au kukuza picha haikumbuki kilichokuwepo uwanjani. Inakisia kutokana na mamilioni ya picha ilizofundishwa. Namba 8 iliyofifia inaweza kutoka 3 au 6, na inatoka safi kabisa, yenye kingo kali, bila dalili ya wasiwasi. Kosa linaloonekana kama kosa halina shida kubwa, utalitupa. Hili lina shida kwa sababu linapendeza. Gazeti likichapa bao la namba 6 wakati aliyefunga ni namba 8, dogo aliyefunga amenyang'anywa bao na kompyuta.

Baada ya namba, vidole vya kipa, maandishi ya kifuani, mstari wa goli na nyavu. Nyavu hasa. Nyuzi nyembamba mbele ya vumbi ni kitu ambacho programu huona ni chenga na kukifagia, na bao likipoteza nyavu limepoteza nusu ya utamu wake. Mashabiki wa nyuma ya goli nao waangaliwe, maana nyuso zao ndogo hugeuka uji.

Kuna jambo lingine ambalo programu za kuchagua picha hulikosea, nalo linahusu mpira wa kichwa. Kamera za kisasa za michezo hupiga hata picha 20 kwa sekunde, kwa hiyo mechi moja kujaza kadi kwa picha zaidi ya elfu sio ajabu. Kwa miaka mingi wapiga picha wa michezo wamekuwa wakichagua kwa macho yao wenyewe kwenye programu kama Photo Mechanic, iliyotoka 1998, ambayo sifa yake ni kufungua picha upesi tu. Siku hizi zipo zinazochagua zenyewe. Zinatupa zilizotikisika na zinatupa zenye watu waliofumba macho. Kwenye harusi huo ni msaada mkubwa. Kwenye soka, mchezaji anayepiga mpira kwa kichwa mara nyingi amefumba macho! Programu itakusanya picha zote za bao la kichwa, za sekunde ile ile mpira unapogusa paji la uso, na kuziweka kwenye kapu la takataka. Itakuachia ile ya baada ya hapo, mchezaji ametua, macho yamefumbuka, mpira haupo.

Kisha saa. Mapumziko ni dakika 15. Kitufe cha kusafisha chenga kwa akili mnemba kinataka kompyuta yenye nguvu ya kuchakata picha, na kwenye kompyuta mpakato ya kawaida ya miaka kadhaa nyuma picha moja inaweza kuchukua dakika nzima au zaidi, huku betri ikishuka na feni ikilia kama jenereta. Ile ya kuongeza na kuondoa vitu ndiyo kabisa, kwani picha inasafiri kwa intaneti hadi kwenye kompyuta za kampuni, inafanyiwa kazi, inarudi. Bando ni lako. Faili ghafi la kamera ya megapikseli 24 huweza kufika MB 25 na zaidi.

Ndiyo maana kwa picha za haraka, zile za kutumwa mapumziko na dakika chache baada ya filimbi ya mwisho, programu nyepesi ya kwenye simu bado inaipiga bao programu kubwa. Snapseed ni ya bure, ipo mikononi mwa Google tangu 2012, na inamaliza mambo manne yanayotakiwa: kukata, kunyoosha uwanja uliolala, kuinua kivuli, kurekebisha wekundu wa vumbi. Programu kubwa ibaki ya usiku, umeme ukiwepo. Na picha ikitumwa WhatsApp, itumwe kama faili, la sivyo WhatsApp yenyewe inaibana na kuivua maelezo yote yaliyofungwa ndani yake, ikiwemo saa ya kupigwa.

SURA YA MTU NI LESENI YAKE

Juni 2020 watu walijaribu programu iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, ya kuzikuza picha ndogo zilizofifia. Waliiwekea picha ya Barack Obama. Ikamrudisha akiwa mzungu. Ilikuwa imesoma nyuso nyingi za watu weupe, ikakisia kwa ilichokijua. Mwaka uliofuata Google ilizindua Pixel 6 ikiwa na utaratibu mpya wa kuonyesha ngozi nyeusi inavyostahili, na kwa kufanya hivyo ikakiri kwamba kamera za miaka yote zilikuwa hazijaitendea haki.

Kama imeweza kumsahau Obama, mmoja wa watu waliopigwa picha zaidi duniani, kijana wa miaka 16 wa Rulenge atapona vipi?

Na kwenye soka la Tanzania sura sio pambo. Neno mamluki linajulikana kila uwanja, kuanzia UMITASHUMTA na UMISSETA hadi ligi za mikoa. Kabla ya mechi leseni zinakaguliwa, picha inatazamwa, mchezaji anatazamwa. Rufaa inaweza kuipokonya timu pointi tatu. Katika ubishi wa namna hiyo, picha ya mechi iliyopita ni ushahidi: huyu ndiye aliyecheza Biharamulo wiki ile, au siye?

Programu ya harusi inapunguza umri. Hiyo ndiyo kazi yake na inaifanya vizuri. Inafuta mikunjo, inajaza mashavu, inapunguza kivuli cha ndevu. Ukiipitisha juu ya mchezaji wa miaka 24 anayedaiwa kucheza mashindano ya vijana, umemtengenezea utetezi bila kukusudia. Ukiipitisha juu ya dogo halali wa miaka 17, picha yake ya mechi haitafanana na ile ya leseni, na kesho kuna kiongozi wa timu pinzani ameishika simu anauliza huyu ni nani. Wilaya iliyopakana na nchi mbili, swali la huyu ni nani na ametoka wapi halikawii kuja.

Zaidi ya hapo, kwa vijana wengi wa Ngara na Biharamulo hakuna video za kumtumia kocha wa Championship au First League. Kilichopo ni picha tatu nne. Zikionyesha mwili ambao programu imeuchonga na miguu ambayo imeinyoosha, siku ya majaribio kocha atamwona mtu mwingine.

NEGATIVU IKO WAPI?

Ngara sio ngeni kwa kamera. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya saa 24 hivi, karibu watu robo milioni walivuka daraja la Rusumo wakikimbia kutoka Rwanda, na kambi ya Benaco ikazaliwa. Wapiga picha wa dunia nzima walifika, akiwemo Mbrazili Sebastião Salgado, aliyepiga maisha ya kambi ile kwa filamu nyeusi na nyeupe. Filamu ilikuwa na negativu. Mtu akiishuku picha, negativu inatolewa sandukuni na ubishi unakwisha.

Faili ghafi la kamera ndiyo negativu ya leo, na wakubwa wa kazi hii wamejifunza kwa kuumia. Januari 2014 shirika la AP lilimtema Narciso Contreras, mshindi wa tuzo ya Pulitzer, kwa kuifuta kamera ya mwenzake kwenye kona ya picha ya Syria. Kona tu. Mwaka 2015 shindano la World Press Photo liliziengua picha moja kati ya kila tano zilizofika hatua ya kabla ya mwisho baada ya kuzilinganisha na mafaili ghafi. Novemba mwaka huo Reuters ikawaambia wapiga picha wake wa kujitegemea wasitume tena picha zilizotengenezwa kutoka faili ghafi, watume JPEG ilivyotoka kwenye kamera. Machi 10, 2024 mashirika makubwa yaliiondoa sokoni picha ya familia ya kifalme ya Uingereza kwa sababu mkono wa sweta la mtoto haukukaa sawa.

Hapa nyumbani, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamgusa anayechapisha taarifa ya uongo kwenye mfumo wa kompyuta huku akijua ni ya uongo na akiwa na nia mbaya, na inaitaja picha waziwazi. Lakini ligi ya wilaya haiendi mahakamani kwa bao la kuotea. Inaishia kwenye kamati, kwenye grupu la WhatsApp na kwenye ngumi.

Ulinzi wa mpiga picha aliye peke yake uwanjani basi ni mdogo na wa bei rahisi. Kamera inapangwa kuhifadhi mafaili mawili kwa kila picha, ghafi na JPEG. JPEG inatumwa, ghafi haiguswi. Saa ya kamera inahakikiwa kabla ya mechi, kwa sababu saa iliyokosewa ndiyo inayoua ushahidi kwanza. Kadi haifutwi Jumapili usiku kupisha sherehe ya Jumatatu. Inanakiliwa kwanza kwenye diski ya nje, folda ikipewa tarehe na majina ya timu mbili, na inakaa hadi muda wa rufaa upite. Picha iliyosafishwa chenga inaandikwa hivyo kwenye maelezo yake. Iliyoongezwa au kuondolewa kitu, hata chupa ya maji pembeni ya mstari, inaenda kwenye bango la kumtakia mchezaji heri ya kuzaliwa, haiendi kwenye ripoti ya mechi.

Na kitufe cha kulainisha ngozi kinazimwa Jumamosi usiku, harusi ikishaisha, kabla ya kuiweka betri kwenye chaji.